Projekti ya timu ya muhula mzima: jinsi ya kujifunza kujenga mifumo mikubwa ukiwa chuoni

Pita kwenye vimbweta vya chuo chochote cha Dar es Salaam wiki mbili kabla ya siku ya kuwasilisha projekti, utawakuta. Watu watano, laptopu nne, waya wa umeme umevutwa kutoka dirishani. Mmoja amemaliza skrini na zinapendeza. Mwingine amemaliza hifadhidata, pale taarifa zote za mfumo zinapotunzwa. Wa tatu ana kipande cha malipo kinachofanya kazi vizuri kwenye mashine yake. Ndiyo siku ya kwanza wanaviunganisha, na hakuna kinachoshika. Huyu anatuma tarehe ikianza na siku, yule anaisubiri ikianza na mwaka. Huyu anaamini kila mwanachama ana namba ya simu, yule ameruhusu iwe wazi. Wanakesha, na asubuhi wanawasilisha picha za skrini badala ya mfumo.

Nilikaa kwenye kimbweta cha namna hiyo nikiwa mwaka wa tatu, na tangu hapo nimezisaidia timu kadhaa za wanafunzi. Ninachoamini ni kwamba kuandika programu unaweza kujifunza peke yako hosteli, lakini kujenga mfumo huwezi, kwa kuwa ugumu wa mfumo umekaa kwenye maungio, pale kazi yako inapokutana na ya mwenzako. Fundi mmoja akikata mikono ya shati na mwingine akakata mwili bila kupimana, kila kipande kitakuwa kizuri juu ya meza na shati halitavalika. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter kilipofika Mirihi kwa sababu ya namna hiyo hiyo: programu ya upande mmoja ilitoa msukumo wa injini kwa vipimo vya paundi, ya upande wa pili ikausoma kama nyutoni. Hesabu za kila upande zilikwenda sawa ndani ya programu yake. Ziliharibika zilipovuka.

Kwa hiyo mwongozo huu wote una lengo moja: kuyafanya maungio yaonekane wiki ya tatu, msisubiri wiki ya kumi na nne.

Hatua ya kwanza: tafuteni tatizo lenye mwenyewe

Achaneni na mfumo wa kusimamia hospitali nzima au wa kusajili wanafunzi. Madesa ya mifumo hiyo yamejaa kila mahali, na ubaya mkubwa zaidi ni kwamba hamna mtu wa kuwaambia mmekosea. Chagueni tatizo la mtu mnayeweza kumfikia kwa daladala moja au mbili na kukaa naye kila baada ya wiki mbili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mtaa wa jiji hili unacho kikundi, na kazi zake zina utajiri wote unaohitaji mtu anayejifunza mifumo. Watu ishirini au thelathini wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopa kwa riba, wanatozwa faini wakichelewa, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Pesa hukaa kwenye sanduku la kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kabla hujasoma sura yoyote ya ulinzi wa mifumo, sanduku hilo limeshakufundisha kwamba mtu mmoja hapaswi kuwa na uwezo wa kutoa pesa peke yake, hata kama ni mwenyekiti.

Nendeni kwenye kikao wawili wawili, mmoja aulize na mwingine aandike. Msiulize "mnataka mfumo ufanye nini?" Watawajibu urahisishe kazi, nanyi mtarudi mikono mitupu. Ulizeni: mara ya mwisho hesabu zilipokataa kukubaliana, ilikuwaje? Ombeni kuonyeshwa daftari.

Timu moja niliyoisaidia ilikwenda Mbagala siku ya Jumamosi ikiwa tayari imechora jedwali la mikopo: mkopaji, kiasi, wadhamini wawili, tarehe. Kijana akamsalimu katibu, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akaeleza jedwali lao. Mama akafungua daftari lake, akaweka kidole. "Huyu hapa, mwanangu, mdhamini wake mmoja amehama kikundi. Deni limebaki na mdhamini mmoja mpaka kikao kijacho tumpate mwingine. Hili ninyi mtaliandika wapi?" Hawakuwa na pa kuliandika. Jedwali lao lilikataa mkopo wenye mdhamini mmoja. Dakika tano za mama yule ziliwaokolea wiki mbili, maana wangeligundua jambo hilo mfumo ukiwa umeshajengwa.

Kuna sheria mbili za kuzijua kabla hamjachukua hata jina moja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne la watoa huduma, kwa hiyo utaratibu wao si mambo ya kienyeji tu ya kubadilishwa mnavyotaka. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu majina, simu na madeni ya watu hao. Wakati wa kujenga tumieni watu wa kubuni. Nimeona daftari halisi la kikundi, lenye majina na madeni yote, limepigwa picha na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa zima ili "tuwe na data ya kujaribia". Msifanye hivyo kamwe.

Hatua ya pili: gawaneni kazi kwa vipande vinavyopita mfumo mzima

Kama mnaruhusiwa kuchagua idadi, muwe wanne au watano. Wanne wana njia 6 za mawasiliano baina yao, watano wana 10, wanane wana 28. Kila njia ni mahali ambapo ujumbe unaweza kupotea.

Mgawanyo ambao karibu kila timu huanza nao ni huu: wewe skrini, wewe seva (kompyuta inayopokea maombi ya watumiaji na kuyajibu), wewe hifadhidata, wewe ripoti. Unaonekana wa haki, ila ndio unaozaa ule usiku wa kwenye kimbweta. Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika kwamba watu wanaobuni mfumo hutoa mfumo wenye umbo la mawasiliano yao wenyewe. Mkijigawa kwa tabaka, mtapata matabaka yasiyosemezana, na wa skrini atahitimu bila kujua hifadhidata inafungwaje.

Gawaneni kwa shughuli za mtumiaji. Mmoja achukue kununua hisa, kuanzia kitufe kwenye skrini mpaka mstari unaoandikwa kwenye hifadhidata. Mwingine achukue mkopo, mwingine marejesho na faini, mwingine mgao wa mwisho wa mzunguko. Kila mtu atapita kila tabaka na kila mtu atamgusa mwenzake. Mwanzoni ni polepole, na anayejiona dhaifu kwenye seva ataogopa. Akae na anayeijua kwa siku mbili, kompyuta moja, kibodi mikononi mwa asiyejua.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja na kila mtu asaini: tunakutana lini, kazi ikichelewa mwenye nayo anasema ndani ya muda gani, nani ana neno la mwisho tukibishana. Mambo haya yakiandikwa wiki ya kwanza hayamuumizi mtu. Yakiandikwa wiki ya tisa yanasomwa kama mashtaka.

Hatua ya tatu: pitisheni uzi mmoja

Kabla ya kujenga chochote kikamilifu, jengeni kitu chembamba kinachofika mwisho. Kitufe kimoja kisicho na urembo, "nunua hisa moja". Ukikibonyeza, ombi linakwenda kwenye seva, seva inaandika kwenye hifadhidata, jibu linarudi kwenye skrini. Na seva hiyo iwe seva kweli, ile ndogo ya kukodi mtandaoni, isiwe laptopu ya mmoja wenu.

Uzi huu uwe umepita kufikia wiki ya tatu. Mtashangaa ni matatizo mangapi yamejificha humo: matoleo tofauti ya programu kwenye mashine zenu, nywila ya hifadhidata iliyoandikwa ndani ya msimbo (maandishi ya programu yenyewe), herufi zinazoharibika zikifika upande wa pili. Yakijitokeza wakati msimbo wote ni mistari mia mbili, mnayamaliza kwa jioni moja. Baada ya hapo kila kazi mpya inashonwa kwenye uzi uliopo, na mfumo haupiti siku mbili bila kuwa kitu kizima kinachowaka.

Hatua ya nne: andikeni mkataba wa kila ungio

Hapa nitakaa kidogo. Chukueni waraka mmoja mnaoushiriki, muandike kila kitu kinachovuka kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine: kinaitwaje, kina umbo gani, kinaweza kukosekana au la. Vinne vinasumbua kila mara.

Simu. Namba ya Tanzania huandikwa na watu kwa kuanzia 07 au 06, kwa 255, kwa +255, pamoja na nafasi katikati. Mkiziacha zilivyo, mama mmoja atakuwa wanachama watatu. Kubalianeni umbo moja la kuhifadhi, na kazi ya kubadilisha ifanywe mahali pamoja tu, mlangoni.

Pesa. Msihifadhi shilingi kwa namba za desimali za kompyuta. Katika lugha nyingi za programu, 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004, na kosa dogo kama hilo likirudiwa mara elfu linakuwa ugomvi wa watu wazima. Hifadhini shilingi nzima nzima. Kisha jibuni swali ambalo kompyuta haiwezi kuwajibia: 1,000,000 ikigawanywa kwa wanachama 30 wenye hisa sawa, kila mmoja anapata 33,333 na zinabaki shilingi 10. Zinakwenda wapi? Msijiamulie wenyewe. Kiulizeni kikundi, kwa kuwa kina kawaida yake: labda mfuko wa jamii, labda soda ya kikao.

Muda. Katibu akisema kikao ni saa nane, anamaanisha 14:00, na kijana aliyezoea simu yake kusoma kwa Kizungu anaweza kuandika 08:00 bila kusita. Kosa hili nimelikuta zaidi ya mara moja na huwa haligunduliki kwenye majaribio, kwa kuwa aliyeandika na aliyejaribu ni mtu yule yule. Hifadhini muda kwa UTC, ile saa ya marejeo ya dunia nzima, na muoneshe kwa kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Angalieni na mpaka wa siku: marejesho yaliyotumwa kwa simu saa saba na nusu usiku wa tarehe 5 ni 22:30 ya tarehe 4 kwa UTC. Faini ikikokotolewa kwa tarehe ya seva bila kubadilishwa, mmoja ataokoka na mwingine ataonewa.

Majina. Kuna mwenye jina moja, kuna mwenye matano, na kuna Mama Asha watatu ndani ya kikundi kimoja. Jina lisiwe kitambulisho.

Mtu akitaka kubadilisha kilichoandikwa kwenye mkataba, anawaambia wote kabla hajagusa msimbo. Hili litawaudhi mwanzoni. Vumilianeni nalo.

Hatua ya tano: Git, kila siku

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ilianzishwa na mwanaprogramu Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu waliotawanyika duniani kote, na tabia yake moja inatufaa sana sisi: kila mashine ina historia nzima, kwa hiyo unaweza kuhifadhi mabadiliko bila intaneti. Bando likiisha katikati ya kazi unaendelea, unapandisha ukifika penye mtandao.

Kila kazi iwe kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ya msimbo, na tawi lisiishi zaidi ya siku mbili kabla ya kuunganishwa. Tawi la wiki tatu ni lile lile tatizo la kimbweta, limebadilisha nguo tu. Asiunganishe mtu kazi yake bila mwenzake mmoja kuisoma. Anayesoma ajiulize: naelewa hiki kinafanya nini? Kinaheshimu mkataba? Kikipewa kitu kibaya kitafanyaje? Na maneno ya kukosoa yaelekezwe kwenye msimbo. "Mstari huu utaanguka mdhamini akikosekana" ni msaada. "Wewe huwa huangalii" ni mwanzo wa kununiana.

Kabla ya kufunga laptopu, pandisha. Laptopu huibiwa kwenye mwendokasi, umeme hukatika, chai humwagika.

Hatua ya sita: uvunjeni mfumo kwa makusudi

Hapa ndipo kozi inapostahili kuitwa ya juu, na timu nyingi hazifiki kwa sababu wiki zimekwisha. Ninyi mtafika, kwa kuwa mliunganisha mapema.

Jaribio la kwanza. Sanduku lina 300,000. Viongozi wawili, kila mmoja na simu yake, wanaidhinisha mikopo miwili ya 200,000 kwa sekunde moja. Ombi la kwanza linasoma 300,000, la pili nalo linasoma 300,000, yote yanaona zinatosha, yote yanaandika salio la 100,000. Kwenye vitabu imebaki laki moja, na laki nne zimetoka. Ukibonyeza kwa mkono hutaliona kosa hili maisha yako yote. Andikeni programu fupi inayotuma maombi 50 kwa wakati mmoja, kisha mhesabu. Nimewaona wanafunzi wakikaa kimya mbele ya matokeo hayo, na kimya hicho kina faida kuliko mihadhara mitatu. Dawa yake ni kufanya kusoma na kuandika kuwe muamala mmoja wa hifadhidata, yaani hatua zinazokamilika zote pamoja au isikamilike hata moja, na kuufunga mstari wa sanduku mpaka wa kwanza amalize. Programu za hifadhidata kama PostgreSQL na MySQL zote zinaweza. Wekeni pia sharti ndani ya hifadhidata kwamba salio haliwezi kuwa chini ya sifuri, ili hata msimbo ukikosea kuwe na ukuta wa mwisho.

Jaribio la pili. Mfumo wa malipo ya simu ukiwatumia taarifa kwamba fedha imeingia, na jibu lenu likachelewa njiani, taarifa hiyo hiyo inaweza kuja tena. Je, mama amelipa mara mbili? Kila muamala una namba yake ya kumbukumbu. Ifanyeni namba hiyo isiweze kujirudia ndani ya jedwali, na taarifa ya pili ijibiwe "imeshapokelewa" bila kugusa salio. Kisha jitumieni taarifa moja mara kumi, muangalie.

Jaribio la tatu ni la leja, yaani daftari la miamala ya pesa. Msifute wala kusahihisha mstari wa pesa uliokwisha kuandikwa. Kosa linarekebishwa kwa mstari mpya wa kinyume, kama wafanyavyo wahasibu, na salio linapatikana kwa kujumlisha mistari. Siku hesabu zikikataa, mtaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi zilipopotea.

Mwisho, zimeni mtandao katikati ya kununua hisa. Zimeni seva. Rudisheni hifadhidata kutoka kwenye nakala rudufu, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurudishwa hamna uhakika kama ni nakala.

Hatua ya saba: rudini kikundini

Kila baada ya wiki mbili, mpeni katibu simu mkononi na mnyamaze. Msimwelekeze. Pale atakaposita, andikeni. Timu ile ya Mbagala iligundua kwamba wanachama wengi wana kitochi, hivyo skrini walizozitolea jasho zingewafaa viongozi watatu tu, na wengine wote walihitaji SMS ya salio. Walibadilisha mpango wiki ya saba, na waliweza kwa sababu vipande vyao vilikuwa vimeshashikana.

Mtu akianza kubebwa

Itatokea. Mmoja atapotea wiki mbili. Kabla ya kumhukumu, mtafuteni ana kwa ana, mmoja wenu tu, bila baraza. Mara nyingi bumu limechelewa na anafanya kibarua, au ana mgonjwa nyumbani, au amekwama kwenye kazi yake na anaona haya kusema. Mpeni kazi ndogo ya siku mbili yenye mwisho unaoonekana. Akishindwa na hiyo, mwambieni msimamizi mapema, historia ya Git ikiwa mkononi, na mwenzenu ajue kabla kwamba mnakwenda kusema.

Na msijidanganye kwamba mkichelewa mtaomba watu wawili zaidi kutoka timu nyingine. Fred Brooks, aliyesimamia ujenzi wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa, pale kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi, kwa kuwa wanaojua wataacha kazi kuwafundisha wageni. Punguzeni vipengele. Mfumo wa hisa na mikopo unaofanya kazi ni bora kuliko mfumo wa mambo tisa unaoanguka.

Siku ya kuwasilisha

Ripoti iandikwe kidogo kidogo kila wiki. Maamuzi na sababu zake mtakuwa mmeshayasahau mwishoni. Kwa maswali ya mdomo, jizoezeni kila mtu kueleza kipande asichokiandika yeye. Wekeni video fupi ya mfumo ukifanya kazi, kwa ajili ya umeme.

Kisha kuna jambo ambalo timu nyingi hulikimbia: kikundi kile bado kipo, na ninyi mnakwenda likizo. Kama hakuna kati yenu atakayeutunza mfumo, rudini mkaseme hivyo wazi mbele ya kikao. Mpeni katibu hesabu zote kwenye karatasi zilizochapishwa, zilinganishwe na daftari lake mstari kwa mstari na viongozi watatu wakiwepo. Zikikubaliana, futeni taarifa zao kwenye seva, kwenye laptopu zenu na kwenye simu, nakala rudufu zikiwemo, na katibu aone mkifuta.